Trela Nalo Lina Haki Yake



Ndugu wasomaji, kipupwe kinapoingia na mpunga wa Bahi kuanza kukatwa, sauti inayotawala vijiji vyetu tangu alfajiri ni ya pawatila. Mashine hizi zilienea sana nchini tangu mwaka 2009, wakati wa Kilimo Kwanza, na katika skimu za umwagiliaji zimekuwa mkono wa kuume wa mkulima. Asubuhi hulima au hukokota mpunga, mchana hubeba maji na kuni, na jioni, kwa bahati mbaya, hugeuka kuwa gari la familia. Leo nataka tuzungumze juu ya ile nusu ya chombo tunayoisahau: trela lililofungwa nyuma yake.

Nianze na lililotufika nyumbani. Misimu miwili iliyopita mdogo wangu alikuwa akirudi kutoka majarubani jua likizama. Trela lilikuwa na magunia kumi ya mpunga, yote ya lumbesa, na juu ya magunia alikaa mkewe na watoto wawili. Waliposhuka tuta la mfereji mkubwa, mzigo ulianza kuisukuma mashine. Njia ilikunja kulia, naye akabana klachi ya kulia kama alivyofanya siku zote. Mashine ikageuka kushoto. Trela likalala ndani ya mfereji pamoja na waliokuwa juu yake.

Alhamdulillah, hatukuzika mtu. Mtoto mkubwa alivunjika mguu, na mama yake aliteguka kifundo cha mkono. Lakini kwa muda ambao sisi tuliuona mrefu mno, mtoto mdogo hakuonekana, kwa kuwa alikuwa chini ya magunia. Tulipomtoa alikuwa akilia, na sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Fundi alipokuja kuangalia mabaki alizunguka mara mbili, kisha akamwambia mdogo wangu: “Kaka, injini yako nzima, mafuta yake masafi. Trela ndilo halikuwa na mwenyewe.” Pini ya kuungia ilikuwa imelika hadi ikawa nyembamba katikati, na breki ya mguu ilikuwa ikikanyagwa bila kushika. Katika nyumba yetu hakuna aliyekumbuka ni lini trela lile lilipakwa grisi mara ya mwisho.

Kwanza tuelewe kwa nini mashine iligeuka upande usiotarajiwa, kwani si uchawi wala si kosa la kiwandani. Katika ardhi tambarare, ukibana klachi ya kulia, gurudumu la kulia hukatiwa nguvu ya injini, la kushoto huendelea kusukuma, na mashine huelekea kulia. Katika mteremko mkali mambo hupinduka. Mzigo ndio unaosukuma kutoka nyuma, na injini ndiyo inayozuia. Ukibana klachi ya kulia wakati huo, gurudumu la kulia huachiwa huru likakimbia, huku la kushoto likishikiliwa na injini, na mashine huelekea kushoto. Dereva asiyelijua hili huzidi kubana kwa hofu, na huzidi kujipeleka kule anakokukimbia.

Dawa yake ni kujiandaa kabla ya mteremko. Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, punguza moto, na uiache injini izuie mzigo. Usiziguse klachi za kugeuzia. Elekeza mashine kwa kusukuma mikono ya usukani taratibu, na usaidie kwa breki ya trela. Usitoe gia kamwe kwa nia ya kubana mafuta. Ikiwa tuta ni kali kuliko unavyoweza kumudu, shusha nusu ya magunia uende mara mbili. Utaratibu huohuo utumike kwenye kivuko cha reli yetu ya zamani: simama, tazama pande zote mbili, ingiza gia ndogo, kisha uvuke bila kubadili gia juu ya mataruma.

La pili ni upakiaji. Trela la pawatila lina ekseli moja, kwa hiyo ni kama mizani. Mzigo ukizidi nyuma, mbele huinuka na kuinyanyua mashine, magurudumu yake yakakosa kushika ardhi. Ukizidi sana mbele, huikandamiza pini na kumchosha dereva mikono. Panga magunia ya kwanza juu ya ekseli, yanayofuata yaelekee mbele kidogo, na ya nyuma yawe machache kuliko yote. Yalaze kama matofali yanavyopishana ukutani, usiyasimamishe, kisha yafunge kwa kamba inayopita juu kwa mshazari. Kadiri mzigo unavyokwenda juu ndivyo trela linavyokuwa jepesi kupinduka kwenye kingo za mifereji.

Ujue pia uzito unaobeba. Magunia kumi ya kilo 100 ni tani moja. Yakiwa ya lumbesa ya kilo 120, umekwisha kuongeza kilo 200 bila kuongeza gunia hata moja. Hiyo lumbesa tunayoilalamikia kwa mnunuzi huvunja pia ekseli zetu wenyewe. Tazama kibati cha mtengenezaji kinaruhusu kilo ngapi; kama hakipo, muulize fundi aliyelichomelea. Na mwendo usizidi ule wa mtu anayekimbia polepole, kwa kuwa mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika kwa breki kukusimamisha huongezeka takriban mara nne.

La tatu ni matunzo, na hapa ndipo haki ya trela inapodhulumiwa zaidi. Kila asubuhi kabla ya safari, mtu mmoja wa nyumbani apewe kazi ya kulizunguka trela. Atazame pini ya kuungia na kile kipini kidogo kinachoizuia isichomoke. Msumari uliokunjwa si badala yake. Akaze nati za magurudumu, akianza na moja kisha ile inayoikabili, si kwa kuzunguka duara. Apime upepo wa matairi, na aangalie nyufa za pembeni, kwani jua la Dodoma hulikausha tairi hata likiwa halijatembea. Mwisho akanyage breki huku wenzake wakilisukuma trela: likienda, safari ingoje.

Udongo mweusi wa mbuga na maji ya majaruba ni adui wa beringi. Habu ikiwa imepata moto kwa mwendo kisha ikazama kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuyavuta maji kupitia sili. Grisi huharibika, kutu huanza, na siku moja gurudumu hukwama njiani. Kwa hiyo wakati wa msimu liinue trela kwa jeki, ulishike gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, au ukilizungusha likakwaruza, lifunguliwe, beringi zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe na kupakwa grisi mpya. Ukiwa safarini, simama baada ya kilomita chache ukaribishe mgongo wa kiganja kwenye habu. Uvuguvugu si tatizo. Joto lisilovumilika ni onyo.

Msimu ukiisha, usiliache trela limezama matopeni. Lioshe, kagua pale mkono wa kuvutia unapoungana na fremu, maana hapo ndipo nyufa huanzia, na upeleke kuchomelewa kabla ufa haujawa mkato. Paka rangi palipokwaruzika, liinue juu ya mawe ili matairi yasibebe uzito, na ulifunike. Kwa wanaopita barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida, nyuma ya trela pawe na viakisi vyekundu pande zote mbili. Lori linalokuja kasi usiku halina namna ya kuliona trela lisilo na taa mpaka limeshalifikia. Bora zaidi, giza likiingia ulale ulipo.

Yapo pia ya umiliki. Matrela mengi hapa kwetu hununuliwa na ndugu wawili au watatu kwa pamoja, na kila mmoja hulitumia akidhani mwenzake ndiye atakayelitengeneza. Aya ya deni katika Suratul-Baqara imetufunza kuandikiana, na ingawa inazungumzia deni, ndugu washirika wana mengi ya kujifunza humo. Andikeni nani ametoa kiasi gani, nani analitunza, na gharama ya matengenezo inatoka wapi. Sisi baada ya ajali tulikubaliana hivi: katika kila safari ya kukodishwa, nauli ya gunia moja huwekwa kando kwa ajili ya trela. Shemeji yangu, yule aliyeteguka mkono, ndiye anayeishika fedha hiyo na daftari lake, na hakuna anayethubutu kuigusa.

Limebaki gumu kuliko yote, nalo ni watu. Najua hali zetu. Kuna arusi Kigwe, kuna msiba Chipanga, kuna Idd, nauli haitoshi na trela lipo uani. Lakini trela la mzigo si chombo cha abiria. Halina pa kushika, na likipinduka aliye juu huangukiwa na kile alichokuwa amekikalia. Baba anapomwambia mama watoto “pandeni tu, ni karibu”, amekwisha kuwatia hatarini kwa ajili ya nauli ya bodaboda. Mzigo uende peke yake na dereva kwenye kiti chake. Mama na watoto watembee, au watangulie kwa usafiri mwingine, hata ikibidi kuuza debe moja la mpunga.

Bedui mmoja alimuuliza Mtume wetu (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu, au amwache na kutegemea. Jibu alilopewa tunalijua sote: kufunga kwanza. Tukisoma dua ya kupanda chombo tukiwa tumekalia lumbesa, juu ya pini iliyolika, tujiulize kama tumemfunga ngamia wetu.

Kijana wetu sasa anatembea vizuri, ingawa baridi ya kipupwe humkumbusha mguu wake. Yeye ndiye aliyeomba kazi ya kulizunguka trela kila asubuhi, na siku moja alimzuia baba yake kuondoka kwa sababu ya nati moja iliyolegea. Baba alinung'unika, kisha akashuka akaikaza.