Siyo Nyumba Ndogo, ni Bushi

Mpenzi msomaji, mwangaluka! Natoa salamu ya Kisukuma kwa sababu barua ya mwezi huu imetoka Zagayu, kule Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Aliyeandika ni dada mwalimu. Mumewe anafanya kazi Bariadi mjini na hurudi nyumbani wikiendi. Walichanga wakanunua Toyota iliyotumika Japani, na sasa gari "linagonga mbele kama mtu anapiga hodi". Mume ameshalipeleka gereji mara tatu. Mara ya kwanza shokapu, ya pili linki, ya tatu bushi mpya kabisa, na baada ya mwezi hodi ikarudi. Hela zote zimetoka kwenye akiba ya kujenga. "Dada, nahisi kuna nyumba ndogo inakula hizi hela," anamalizia.

Pole mwaya. Lakini kabla hujapekua simu ya baba watoto, hebu tupekue gari kwanza.

Nyie wa Usukumani mnaujua udongo wa mbuga. Mvua ikinyesha unang'ang'ania tairi kama ulimbo, jua likiwaka unapasuka na kuacha mashimo magumu kama saruji. Lami ya Lamadi mpaka Bariadi ni raha tupu, ila ukishaiacha kuingia vijijini, kila shimo linapokelewa na tairi, tairi linalitupa kwa ule mkono wa chuma wa chini, na mkono unalipeleka kwenye bushi. Bushi yenyewe ni mpira uliobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine. Bomba la nje limeshindiliwa kwenye mkono, la ndani limekazwa kwa boliti kwenye fremu. Mkono ukipanda na kushuka hakuna kinachozunguka hapo, ni mpira tu unajinyonga na kurudi. Mpira ukichanika, chuma kinakutana na chuma. Hodi ndiyo hiyo. Na siyo kelele peke yake: usukani unayumba, gari linavuta upande ukishika breki, tairi linaliwa upande mmoja.

Kupima mnaweza wenyewe, wawili. Mmoja akae kwenye usukani, asogeze gari taratibu kisha abane breki, halafu arudi nyuma na kubana tena. Mwingine asimame pembeni (pembeni, jamani, siyo mbele) aangalie tairi. Likicheza mbele na nyuma ndani ya upinde wake, bushi kubwa ya nyuma ya mkono ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Baadaye gari likiwa juu ya stendi, sukumeni mkono kwa mtaimbo muone mpira kama umeachana na chuma.

Sasa kazi. Vitz, IST na Probox zina bushi mbili kila mkono wa mbele, kwa hiyo ni nne, na badilisheni pande zote mbili kwa mpigo. Legezeni nati za tairi gari likiwa bado chini. Likishapanda, likae juu ya stendi za chuma kwenye sakafu ngumu. Jeki peke yake haiaminiki, na tofali linapasuka bila kuaga. Hapa sina utani, kuna mtu atalala chini ya hilo gari na ni mtu unayempenda. Fungueni boli jointi, kisha boliti za mkono. Kwenye baadhi ya magari boliti moja inagonga injini au giaboksi na haitoki mpaka fremu ya chini ishushwe kidogo. Mkikuta hivyo, sehemu hiyo muachieni fundi mwenye vifaa.

Kabla ya kutoa bushi ya zamani, wekeni alama ya rangi kuonyesha imeelekea wapi. Ile kubwa mara nyingi ina matundu kwenye mpira, nayo yana upande wake. Kama hakuna mashine ya presi, fundi mchomeleaji mwenye jiliwa kubwa atawasaidia, au tumieni nondo yenye hesi, nati, washa nene na kipande cha bomba, mkivuta bushi polepole. Kuingiza mpya, pakeni maji ya sabuni. Oili na grisi za gari zinakula mpira wa kawaida.

Na hapa ndipo siri ya barua yetu ilipo. Boliti za bushi hazikazwi mwisho mikono ikiwa inaning'inia. Ukikaza hivyo, mpira unashikwa katika mkao wa kuning'inia. Gari likishuka, unakuwa umenyongwa saa zote, hata likiwa limeegeshwa, na shimo la kwanza linaanza kuuchana. Zifungeni kwa kushikiza tu, kisha wekeni jeki chini ya mkono karibu na boli jointi, inueni mpaka gari lianze kunyanyuka kidogo kutoka kwenye stendi, stendi ikiwa pale pale. Hapo ndipo mkaze mpaka mwisho.

Fundi mwenye haraka hafanyi hivyo. Bushi anazifunga mpya, kweli, na mume analipa, kweli, lakini mwezi haujaisha hodi imerudi. Mke aliyeko Zagayu ataamini nini? Anachokiona ni akiba imepungua na gari ni lile lile. Uzembe wa gereji unafika nyumbani ukiwa umevaa sura ya uongo wa mume.

Dada, sijasema mumeo ni malaika, mimi simjui. Ninachokushauri ni kuwa kuanzia sasa spea za zamani zirudi nyumbani na risiti yake, mziangalie pamoja. Na Jumamosi akija, usimsubiri ndani na maswali. Vaa kanga ya kazi, kaa pembeni umpokeze spana, umsikilize anavyohangaika na boliti yenye kutu. Mengine ataongea mwenyewe, wanaume wanaongea vizuri wakiwa hawaangaliwi usoni.

Mkimaliza, jaribuni breki hapo hapo nyumbani kabla ya kwenda barabarani, na baada ya mwendo mfupi mzikague tena nati za tairi. Kisha pelekeni gari likapimwe alaimenti, hata kama ni kusubiri safari ya Mwanza, maana mkono ukishafunguliwa tairi huwa halirudi sawasawa kama lilivyokuwa. Tukutane mwezi ujao.