Rimoti Ibaki Mezani

Televisheni, iliyoanza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994, imekuwa chombo cha kuikusanya jamaa. Siku hizi simu ya kisasa yaweza kuiongoza, ama kwa miali isiyoonekana, ama kwa mtandao wa nyumbani. Ni maendeleo, nasi twayapokea. Lakini rimoti ni mali ya nyumba. Simu ni mali ya mtu. Baba wa Puge akipanda basi kwenda Tabora na simu mfukoni, waliobaki hupapasa vitufe nyuma ya televisheni wakitafuta taarifa ya habari. Kirangozi wa misafara ya Unyamwezi aliongoza akiwa pamoja na wenziwe. Hatuna budi kununua betri: simu isaidie, rimoti ibaki mezani. Cha wote kisitawaliwe na mfuko wa mmoja.