Dawa ya Kuharisha: Maji Kwanza, Kidonge Baadaye

Kuharisha ni kupata choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku moja. Mara nyingi huletwa na virusi, bakteria au vijidudu vingine vinavyoingia mwilini kwa chakula, kwa maji au kwa mikono michafu, na kwa watu wengi huisha kwenyewe baada ya siku chache. Kinachoua zaidi ni upungufu wa maji na chumvi zinazotoka pamoja na choo. Jambo hilo yafaa lijulikane na kila anayekwenda dukani kununua dawa ya tumbo, kwa sababu vidonge vingi vinavyoombwa huko haviurudishii mwili hata tone moja la maji uliyopoteza.

Kununua dawa bila kumwona daktari si kosa lenyewe. Nchini Tanzania, mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili wananchi walio mbali na famasia wapate dawa kwa wauzaji waliofundishwa. Ni neema kubwa, lakini duka kuwa jirani hakumwondolei mnunuzi wajibu wa kujua anachokimeza.

Dawa ya kwanza kuombwa iwe ORS, yaani chumvi maalumu yenye sukari inayochanganywa na maji ya kunywa. Sukari hiyo haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Glukosi na sodiamu hupenya pamoja katika ukuta wa utumbo na kuyavuta maji yaingie mwilini, hata pale mgonjwa anapoendelea kuharisha. Nguvu ya dawa hii ilidhihirika mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh. Katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, kipindupindu kilizuka na dripu zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo, na vifo vikashuka kutoka takribani 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Hata dawa njema hivyo huharibiwa na vipimo vibaya. Pakiti iliyoandikwa lita moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mama anayeitia yote katika kikombe kimoja akidhani itafanya kazi haraka humpa mtoto chumvi nyingi kupita kiasi, nayo humdhuru. Kila baada ya choo, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na aliyezidi umri huo mililita 100 hadi 200. Akitapika, asubiriwe dakika kumi, kisha anyweshwe polepole kwa kijiko. Yatakayobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 ikiwa hajatimiza miezi sita. Kunyonya na kula visikatizwe, maana njaa haitibu tumbo.

Baada ya maji ndipo izungumziwe dawa ya kufunga tumbo. Inayojulikana zaidi ni loperamidi, ambayo hupunguza mwendo wa utumbo. Haiui kijidudu chochote. Mtu mzima mwenye kuharisha kwa kawaida, asiye na homa wala damu katika choo, aweza kumeza vidonge viwili vya miligramu 2 mwanzoni, kisha kimoja kila baada ya choo cha majimaji, bila kuzidi vinne kwa siku. Siku mbili zikipita bila nafuu, aiache aende kituo cha afya. Kuongeza dozi ni hatari. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba loperamidi ikizidi sana huvuruga mapigo ya moyo na yaweza kuua. Mwenye homa kali au anayehara damu asiitumie kabisa, kwa kuwa utumbo uliopunguzwa mwendo hubaki na vijidudu na sumu zake ndani. Mtoto mdogo asipewe kamwe dawa ya kufunga tumbo, hata kama choo kinaitia nyumba nzima hofu.

Upo pia mtindo wa kukimbilia antibiotiki, au Flagyl, kila tumbo linapoendesha. Flagyl hutibu amiba, giadia na baadhi ya bakteria, lakini kwa virusi haina kazi. Anayemeza vidonge vitatu vinne kisha akaviacha alipopata nafuu huwapa bakteria nafasi ya kuizoea dawa, na siku atakapoihitaji kwa kweli huenda isimfae. Dawa hizi zitumiwe kwa maelekezo ya mtabibu, na dozi imalizwe.

Duka lina mpaka wake. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa anapohara damu, anapokuwa na homa kali, anapotapika kila anachokunywa, au choo kinapotoka kwa wingi kama maji ya mchele, dalili ya kipindupindu. Hali kadhalika macho yanapodidimia, mkojo unapokatika, mtoto anapolia bila machozi au anapolegea na kushindwa kunyonya. Njiani aendelee kunyweshwa ORS.

Kila nyumba yenye mtoto na iweke pakiti za ORS kabla ugonjwa haujabisha hodi, na kila mzazi ajue kuzichanganya. Muuza dawa naye, anapoombwa kidonge cha kufunga tumbo, aulize kwanza umri wa mgonjwa, kama kuna damu au homa, na kama amekunywa maji ya kutosha. Maswali hayo hayagharimu kitu, nayo huokoa maisha.