Msiwaachie Mchwa Daftari za Mashamba

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, ninyi mliorithi kasha la mzee pamoja na vilivyomo, neno langu la leo ni lenu. Hivi karibuni niliingia nyumba moja kongwe huko Pemba, ya ukoo uliokuwa na mashamba ya mikarafuu tangu enzi za masultani. Kasha likafunguliwa. Juu kulikuwa na picha za harusi, zimefungwa vizuri kwa kanga. Chini kabisa, daftari. Nikalinyanyua, nusu yake ikabaki ndani ya kasha: mchwa walikuwa wamepita kwa nyuma, wamekula kurasa na kuacha jalada. Mwenye nyumba akaniambia, "Ah, hayo makaratasi tu, bwana. Hati ya nyumba ninayo."

Makaratasi tu! Ukurasa uliosalia ulikuwa wa herufi za Kiarabu, lugha yenyewe Kiswahili: majina ya wachumaji, pishi alizoleta kila mmoja, na pembeni alichokwisha kupewa. Siku moja mvua ilinyesha, karafuu hazikuanikwa. Hilo nalo limeandikwa. Serikali ilihesabu frasila zilizofika forodhani, basi. Aliyepanda juu ya mti hakuwa hesabu yake.

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Nani walipanda miti ile, na kwa fedha za nani? Jibu limo katika barua za madeni na hati za mauzo ya khiyari, ambapo mwenye shamba huuza kwa sharti la kulikomboa akilipa ndani ya muda. Akishindwa, shamba limekwenda. Koo nyingi zilitajirika na kufilisika kwa karatasi za namna hiyo, na leo wajukuu wanasimuliana kwamba babu alirogwa.

Najua linalowazuia wengine kuzitunza daftari hizi. Humo mna majina ya watumwa, na haya inatushika. Lakini amri ya kuondoa utumwa ilitoka mwaka 1897, na wajukuu wa watu wale ni majirani zetu, tunazikana. Mmoja wao akitafuta jina la bibi yake, pengine limeandikwa mahali pamoja tu: daftari la bwana wake. Ukilichoma ili kumsitiri babu yako, babu yako hapotei, jina lake limejaa katika hati. Anayepotea ni yule bibi.

Wengine wanaogopa siasa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya Serikali na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Lakini kutunza daftari la pishi si kudai shamba. Wala simwambii mtu atoe hati zake mikononi asipotaka. Namwambia azitunze.

Na kutunza si kazi ya mtaalamu peke yake. Usigandishe karatasi iliyochanika kwa gundi ya plastiki. Itageuka manjano na kuuchuna wino. Usiifunike karatasi kwa plastiki ya moto. Pini zenye kutu zitoe taratibu. Usipange upya kwa uzuri, kwani mpangilio wa mzee nao ni habari. Piga picha kila ukurasa kwa simu, na nakala moja ikae nyumba nyingine. Kisha mkalishe shangazi au babu anayesoma herufi zile, asome kwa sauti, kijana aandike. Hili ndilo la haraka kuliko yote, maana wasomaji wale wanatutoka kila mwaka.

Ukiona mzigo umekuelemea, Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, mjini Unguja, nenda ukaulize. Lakini kwanza fungua kasha wiki hii, uanzie daftari la chini kabisa. Ndilo mchwa hulifikia mwanzo.