Fagio la Magurudumu Latosha
Sisi watu wa pwani tumezoea mkeka: waukung'uta nje, mambo yamekwisha. Kiganjo, karibu na Nyeri, baridi ya Julai huwalazimu watu kutandika zulia, na udongo mwekundu huingia na kila mguu. Je, lazima mashine ya umeme? Sikubali. Fagio la magurudumu alilolipatia hataza Melville Bissell wa Marekani mwaka 1876 ukilisukuma, magurudumu huzungusha brashi, nao uchafu huingia kisandukuni. Vumbi lililozama halilivuti, kweli. Lakini usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipozimika karibu Kenya nzima, lingefagia vilevile. Na msikitini, baina ya adhuhuri na alasiri, mwenye kusoma Kurani pembeni hatashtuliwa na mngurumo.