Usafi wa Kompyuta ya Nyumbani ni Wajibu wa Askari

Siku hizi kompyuta haikai ofisini peke yake. Imeingia katika nyumba za askari, makambini na vijijini. Askari aliye Abuku, katika Wilaya ya Koboko, aweza kuitumia kuandika barua, kuweka picha za jamaa na kuwasaidia watoto katika masomo yao. Hayo ni maendeleo, nasi twayapongeza. Lakini mashine hiyo inapoanza kwenda mwendo wa kobe, wengi wetu hulalamika tu, au humkabidhi fundi wasiyemjua, pamoja na siri zote zilizomo. Tabia hiyo haimfai mtu aliyekula kiapo cha kulinda nchi.

Kwanza hapana budi kutofautisha uzee na ugonjwa. Kompyuta yaweza kulegea kwa sababu diski yake imejaa, kumbukumbu yake ni ndogo, au vumbi limeziba matundu ya hewa. Ugonjwa una dalili zake. Programu ya ulinzi huzimika bila ya mwenyewe kuizima. Matangazo hujitokeza yenyewe. Marafiki hupokea barua ambazo mwenye mashine hakuziandika. Mafaili katika flashi hugeuka kuwa njia za mkato, na yale ya asili hayaonekani. Mara nyingi mafaili hayo hayakupotea, bali yamefichwa na kirusi. Anayekimbilia kuifuta flashi nzima huangamiza mali yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi ya kusafisha ina utaratibu wake. Mashine na iondolewe katika intaneti, na flashi zote zichomolewe. Nywila yoyote isiandikwe humo; nywila za barua pepe na za benki zibadilishwe kwa kutumia chombo kingine kilicho safi. Nyaraka na picha zihifadhiwe katika diski ya pembeni, ambayo nayo itakaguliwa kabla ya kutumiwa tena. Programu zisihamishwe, kwa maana huenda ndizo zilizobeba maradhi.

Kisha intaneti iunganishwe kwa muda mfupi, hata kwa njia ya simu, ili programu ya ulinzi ipate maelezo mapya. Windows 10 na Windows 11 zina Microsoft Defender bila malipo. Ndani yake umo ukaguzi unaofanyika nje ya Windows: kompyuta huzimika, huwaka tena, na hukaguliwa kabla Windows yenyewe haijaamka, hata kirusi kikakosa mahali pa kujificha. Ukaguzi huo huchukua takriban dakika 15. Baada yake ufanyike ukaguzi kamili wa diski, ambao waweza kuchukua saa kadhaa. Maradhi yakirudi, dawa iliyobaki ni kufuta diski yote na kuweka Windows upya, kwa flashi iliyotayarishwa katika kompyuta safi. Tena ikumbukwe kwamba Windows 10 ilimaliza muda wake wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ambaye mashine yake yaweza kupokea Windows 11, na aihamie.

Lakini kusafisha nyumba na kuacha mlango wazi ni kazi bure. Milango mikubwa ni miwili. Wa kwanza ni programu za wizi, ambazo mara nyingi humtaka mtu azime ulinzi kabla ya kuziingiza. Huko ni kumwondoa mlinzi lindoni ili mgeni apite. Wa pili ni flashi. Flashi ile ile inayopelekwa dukani Koboko au Arua ikajazwe nyimbo na filamu, kesho yake yaweza kuchomekwa katika kompyuta ya ofisi yenye orodha ya zamu au maelezo ya mashahidi.

Wako watakaosema kwamba tunakuza mambo. Na watazame yaliyolipata jeshi la Marekani mwaka 2008. Flashi moja yenye programu hasidi iliyoitwa Agent.btz ilichomekwa katika kompyuta ya jeshi hilo, kwenye kambi moja ya Mashariki ya Kati. Programu hiyo ilienea katika mitandao ya kijeshi, ya siri na isiyo ya siri. Mnamo Novemba 2008 matumizi ya flashi yalipigwa marufuku kwa muda, na kazi ya kusafisha iliripotiwa kuchukua karibu miezi 14. Habari hizo zilitolewa hadharani mwaka 2010 na William Lynn, aliyekuwa Naibu Waziri wa Ulinzi. Ikiwa jeshi lenye mali na wataalamu wengi kiasi hicho liliingiliwa kwa flashi moja, sisi tuna kinga gani isipokuwa nidhamu yetu?

Kwa ndugu zetu polisi tuna neno la ziada. Raia akija kituoni na kusema kwamba fedha zake zimeibwa kwa njia ya kompyuta, asiambiwe aende akaisafishe kwanza. Maradhi yale ndiyo ushahidi. Mashine na itengwe na intaneti, isifutwe kitu, hadi wenye ujuzi wa upelelezi huo waishughulikie.

Kwa wakuu wa vikosi na vituo, maoni yetu ni haya: askari anayeripoti kwamba flashi au kompyuta yake ina maradhi asikaripiwe mbele ya wenzake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Askari akiogopa adhabu atanyamaza, na kirusi kilichoweza kukomeshwa katika mashine moja asubuhi kitakuwa katika mashine zote jioni. Aadhibiwe anayeficha, wala si anayesema. Tena kila ofisi iwe na kompyuta moja, isiyounganishwa na nyingine, ambayo kila flashi itakaguliwa humo kabla ya kutumiwa.

Bunduki husafishwa hata siku isiyo na vita. Kompyuta nayo ikaguliwe kila juma, isingojewe mpaka ilegee. Anayefanya hivyo Abuku anawalinda jamaa zake, na anawalinda pia wenzake walio makao makuu.