Farasi wasio na zizi: kutoka viunzi vya Uingereza hadi skrini za Kyebando

Mvua inapoanza kunyesha Kyebando, mtaa wa kaskazini mwa Kampala ulio katika divisheni ya Kawempe, abiria wa bodaboda hupungua ghafla. Madereva huegesha pikipiki zao na kusogea chini ya mabati. Baadhi yao huishia ndani ya vyumba vya kubeti, ambavyo sasa havikosekani katika mitaa mingi ya jiji hilo, na macho yao huelekea kwenye skrini iliyotundikwa ukutani. Wakati ambapo hakuna mpira, skrini hiyo inaweza kuonyesha farasi. Wanatoka mbio, wanafika, jina la mshindi linawaka, na baada ya dakika chache kundi jingine limekwisha kupangwa mstarini.

Farasi hao hawajawahi kuzaliwa. Ni picha zinazoendeshwa na kompyuta, na mshindi hupatikana kwa namba za kubahatisha zinazotolewa na programu. Kinachowekwa mezani, hata hivyo, ni fedha halisi. Mara nyingi ni mapato ya siku ya kijana ambaye pikipiki anayoiendesha bado si yake, na ambaye kila wiki anatakiwa kupeleka malipo kwa mwenye chombo au kwa waliomkopesha.

Uingereza, nchi ambayo mbio zake zimeigizwa na picha hizo, imekuwa na mjadala mkali kuhusu tofauti kati ya farasi aliye hai na mchezo wa mashine. Mjadala huo unawahusu watu wa Kyebando kuliko inavyodhaniwa, na ili kuuelewa ni lazima kwanza kuingia zizini.

Kabla ya mapambazuko

Mbio za farasi za kuruka viunzi ni mchezo wa majira ya baridi nchini Uingereza na Ireland. Msimu wake hukolea kati ya Oktoba na Aprili, wakati ardhi imelowa na kulainika kiasi cha kumpokea mnyama wa kilo zipatazo 500 anapotua baada ya kuruka.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati Kyebando imekwisha kutimu saa mbili na nusu asubuhi na watoto wamo madarasani, saisi, yaani mtunzaji wa farasi, huwa tayari anafungua mlango wa banda gizani. Jua la Desemba halitachomoza hadi karibu saa mbili. Jambo la kwanza analolitazama ni hori. Farasi aliyebakiza chakula cha usiku ametoa taarifa, na saisi mzoefu huipokea taarifa hiyo kabla ya daktari wa mifugo. Kisha huinama na kupitisha kiganja miguuni mwa mnyama, kano kwa kano, akitafuta joto lisilo la kawaida. Uvimbe mdogo kwenye kano unaweza kumweka farasi nje ya mashindano kwa mwaka mzima.

Ndipo samadi inapozolewa, matandiko ya mabua yanapobadilishwa, na barafu iliyoganda juu ya ndoo ya maji inapovunjwa. Farasi wa mashindano huwa amenyolewa manyoya yake ya baridi ili jasho likauke upesi baada ya mazoezi. Kwa sababu hiyo inabidi avishwe mablanketi, mara nyingine mawili au matatu, na kuvuliwa na kuvishwa tena kila atokapo na kila arudipo. Ni kazi isiyoonyeshwa kwenye televisheni, na ndiyo inayomaliza vidole vya watu.

Baada ya kutiwa lijamu na kufungwa tandiko, kundi la kwanza hutoka kwenda mazoezini. Huanza kwa mwendo wa kawaida, kisha matiti, kisha shoti ya kupanda kilima kwenye njia ya mchanga ulioandaliwa usigande. Siku nyingine hurushwa viunzi. Saisi mmoja anaweza kupanda farasi watatu au wanne kabla ya adhuhuri, kila mmoja na tabia zake: huyu huogopa mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo, yule hukataa kutangulia. Wanaporudi, matope huoshwa na miguu hukaushwa kwa makini, maana unyevu ukikaa huzaa ugonjwa wa ngozi. Alasiri kazi huanza upya, na mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi.

Kuna siku ambazo yote hayo huwa bure. Sakitu ikipenya ardhini, wakaguzi huutembelea uwanja alfajiri, huichoma ardhi kwa fimbo, na kama imeganda mashindano hufutwa, kwa kuwa farasi anayetua juu ya ardhi ngumu kama jiwe huweza kuvunjika. Magari yaliyokwisha kupakia farasi hugeuka njiani. Zawadi haipo siku hiyo, lakini jioni farasi atakula kama kawaida.

Isidhaniwe kwamba haya ni maisha ya neema. Mishahara ya zizini si mikubwa, asubuhi ni za mapema mno, na mazizi mengi ya Uingereza yamekosa vijana wenyeji wa kutosha hata yakalazimika kuajiri wapandaji kutoka India na nchi nyingine. Wanyama nao hufa. Mashindano mashuhuri kuliko yote, Grand National ya Aintree, yana viunzi 30, na kuanzia mwaka 2024 idadi ya farasi ilipunguzwa kutoka 40 hadi 34 baada ya miaka mingi ya vifo na malalamiko ya watetezi wa wanyama. Wamiliki wengi ni matajiri wa kutupwa. Hata hivyo Red Rum, farasi pekee aliyeshinda Grand National mara tatu, mwaka 1973, 1974 na 1977, alitunzwa katika banda lililokuwa nyuma ya duka la magari yaliyotumika huko Southport na kukimbizwa ufukweni mwa bahari, chini ya Ginger McCain, mtu aliyewahi kuendesha teksi. Dereva wa Kyebando angemwelewa mtu huyo bila mkalimani.

Karatasi za matokeo

Anayeweka dau juu ya farasi aliye hai hubahatisha, lakini hubahatisha juu ya jambo lenye habari ndani yake. Ardhi imelowa kiasi gani? Farasi amepumzika siku ngapi? Amewahi kuanguka kwenye kiunzi kama hiki? Majibu yanatoka zizini, kwenye hori na kiganja cha saisi. Wengi wa wabashiri hupoteza hata huko, kwa sababu mwenye duka la kubashiri anazo habari hizo pia na amejiwekea faida yake. Lakini habari zipo.

Kwenye mbio za kompyuta hazipo. Na bado katika vyumba vya kubeti utawakuta vijana wakichunguza matokeo yaliyopita kana kwamba farasi namba nne, aliyeshindwa mara saba, sasa anadaiwa ushindi. Namba nne hadaiwi chochote, kwa kuwa hana mguu wa kupona wala hamu ya kula iliyorudi.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme farasi ni sita, wote wana nafasi sawa, na mshindi hulipa mara tano ya dau. Anayeweka shilingi 1,000 kila mara atashinda, kwa wastani, mara moja katika kila mbio sita: ametoa 6,000 na kupokea 5,000. Hasara hiyo yaonekana ndogo. Tatizo ni kasi. Mbio zikija kila baada ya dakika tatu, saa moja ina mbio 20, na wastani wa hasara unapita shilingi 3,300 kabla mvua haijakatika. Zizi la farasi halisi haliwezi kumpeleka mnyama uwanjani kila baada ya dakika tatu. Baada ya mbio ngumu humpumzisha kwa majuma. Uchovu wa mnyama na sakitu ya ardhini ni breki ambazo mashine haina.

Kodi na zizi

Uingereza iliruhusu maduka ya kubashiri mwaka 1961, na mwaka huohuo ikaunda bodi ya kukusanya tozo kutoka kwa wenye maduka ili irudishwe kwenye mbio za farasi. Leo tozo hiyo ni asilimia 10 ya faida yao inayotokana na mbio za nchi hiyo, baada ya kuvuka kiwango fulani, na tangu mwaka 2017 inawahusu pia wanaofanyia biashara hiyo nje ya nchi kupitia mtandao. Fedha hizo huchangia zawadi za washindi na matibabu ya wanyama. Kwa namna hiyo sehemu ya fedha ya aliyeshindwa humfikia saisi.

Serikali ilipofikiria kuzitoza kodi sawa kamari zote za mtandaoni, jamii ya mbio za farasi iligoma. Tarehe 10 Septemba 2025 hakuna farasi aliyekimbia Uingereza. Mashindano manne yaliyopangwa siku hiyo yaliahirishwa. Katika bajeti ya Novemba mwaka huohuo, waziri wa fedha Rachel Reeves alitangaza kwamba kodi ya michezo ya kasino mtandaoni itapanda kutoka asilimia 21 hadi 40 kuanzia Aprili 2026, na ya kubashiri michezo mtandaoni itafikia asilimia 25 mwaka 2027, lakini kubashiri mbio za farasi kutabaki pale palipokuwa, asilimia 15. Wapo wanaosema huo ni upendeleo kwa mchezo wa wakubwa, na hoja hiyo ina uzito. Lakini msingi wa uamuzi ulikuwa wazi: nyuma ya dau hilo kuna watu wanaoamka gizani.

Uganda nayo hutofautisha. Tangu Julai 2023 michezo ya kasino hutozwa asilimia 30 na kubashiri asilimia 20. Sheria ya mwaka 2016 imeweka umri wa chini wa kucheza kuwa miaka 25, na mapema mwaka 2019 Rais Yoweri Museveni aliagiza kampuni mpya za kamari zisipewe leseni. Hatua hizo si ndogo. Lakini viwango hivyo viwili haviulizi swali waliloliuliza Waingereza: dau hili linalisha kazi ya nani? Farasi wa skrini za Kampala hana saisi wala mkulima wa nyasi kavu. Nchini Uganda farasi ni wachache, wengi wao wa kupandwa kwa starehe, kama walioko Munyonyo kando ya Ziwa Victoria. Kwa anayetaka kuona mbio za kweli katika ukanda huu, uwanja uko Ngong, Nairobi, na huko saisi ni mtu anayelipwa mshahara.

Waingereza wenyewe waliwahi kukimbiza farasi wa kompyuta. Aprili 2020, janga la Covid lilipoifuta Grand National, televisheni ilionyesha mbio za kuigiza, na zaidi ya watu milioni nne wakatazama Potters Corner, farasi aliyekuwepo kweli, akishinda kwenye picha. Dau lilikuwa na kikomo cha pauni 10, mbio zilikuwa moja tu, na faida ya kampuni, pauni milioni 2.6, ilipelekwa kwenye misaada ya wahudumu wa afya. Siku hiyohiyo, katika mazizi yote ya nchi, ndoo zilijazwa na samadi ikazolewa.

Kyebando hakuna kikomo cha namna hiyo, na mbio haziishi siku moja. Mvua ikikatika, pikipiki huwashwa tena na utelezi wa njia za ndani huanza kukanyagwa. Aliyeacha shilingi 10,000 ndani ya chumba kile anahitaji abiria watano wa 2,000 ili arudi pale alipokuwa asubuhi, mafuta hayajahesabiwa, na malipo ya wiki yanangoja.